Gari Lako Lililobaki Chini

Mzee Salum,

Kwanza, Bi Zuhura ni mzima. Naanza na hilo maana nakujua. Hata ningekuandikia kwamba Toronto nzima imezama ziwani, wewe ungeuliza, "Na mke wangu, amekula?" Amekula. Asubuhi hii amemaliza mkate wa ufuta aliouoka mwenyewe, akanisema kwamba chai yangu ni maji ya kunawia, na kwamba haelewi mtoto wa Mombasa amelelewaje asijue kipimo cha tangawizi. Yuko kwangu Lawrence Heights. Nimempa chumba, mimi nalala kwenye kochi. Usianze kunishukuru, tafadhali. Nina jambo la kukuuliza, na sitaki shukrani zako zinizibe mdomo.

Shikamoo, basi. Hasira imenitangulia nikasahau adabu.

Siku tuliyokuzika ardhi ilikuwa imeganda. Mimi nilisimama nyuma kabisa, karibu na magari, Mkristo wa watu nimejifunga ushungi wa kuazima, miguu siisikii kwa baridi. Bi Zuhura alibaki nyumbani, eda yake ilikuwa imeshaanza. Nikasikia udongo ukianguka juu ya mbao. Haya masikio uliyonipa hayana likizo, Mzee. Watu walikuwa wakiomba dua, mimi kichwani mwangu nikasema: hapo chini ni wazi, kama tusemavyo kazini zege likiwa na uvungu ndani. Ndipo nikalia. Kabla ya hapo nilikuwa sijaamini.

Sasa nakagua majengo na Marek, yule Mpolandi uliyempachika jina la Bwana Kimya. Ni mtu mzuri, ila siku nzima inapita hatujasemezana. Wewe ulikuwa unasema hata na nguzo. Unakumbuka ulivyoninyima nyundo nilipoanza? Ulinipeleka kwenye ule mkahawa wa donati, ukaniambia nigonge meza zote kwa kidole, nikwambie ipi imeachia gundi chini. Watu wanatutazama, mimi nimekufa kwa aibu, wewe unakunywa kahawa tu. "Zege linasema, binti. Shida yetu ni midomo." Halafu ukanieleza ugonjwa wenyewe. Majira ya baridi magari yanaingia na chumvi ya barabarani kwenye matairi, chumvi inashuka na maji mpaka kwenye nondo, nondo inaota kutu na kuvimba, zege linaachana tumboni huku uso wake uko laini kabisa. Jicho halioni kitu. Sikio ndilo linajua.

Basi zamu ikafika jengo lako.

Sheria ya hapa unaijua kuliko mimi. Majengo haya ambayo kila mtu amenunua nyumba yake ndani, lakini nguzo na paa na pakingi ni mali ya wote, lazima wataalamu waje kuyakagua kila baada ya miaka michache, wakazi wapende wasipende. Ulisema ndiyo sheria pekee ya nchi hii uliyoipenda, kwa kuwa kitu cha wote huoza bila mwenyewe. Hata hivyo, miaka yote uliyokaa pale Weston, na roshani yako inayotazama mto, hukugonga hata ukuta mmoja. Nilipokuuliza ulicheka. "Mganga hajigangi, binti." Ni kweli, kazi yetu hairuhusu mtu kukagua mahali anapolala. Lakini nilikuona ulivyokuwa ukipita kwenye pakingi yako. Ulikuwa unakohoa ovyo, unapiga mluzi, unatikisa funguo. Mzee, ulikuwa hutaki kusikia nyayo zako mwenyewe.

Tulifika baada ya adhuhuri, mimi na Marek. Alitupokea Bwana Amirali, mwenyekiti wa kamati ya wakazi, mzee wa Mwanza mliyekuwa mkitukanana naye kwenye karata. Alikuwa na funguo mkononi na machozi machoni. Akaniambia wewe ungefurahi kwamba nimetumwa mimi. Akaniambia pia kwamba arobaini yako imekaribia, wageni watatoka misikitini na jamatkhana na kila mahali, na yeye ameshatenga ghorofa ya juu ya pakingi kwa ajili ya magari yao yote. Nikamwambia asante, ni jambo la heshima.

Pakingi yenu, kama ujuavyo, ni ghorofa mbili chini ya ardhi, moja juu ya nyingine. Magari yote yalikuwa yameondolewa, ila lako tu, kule pembeni ghorofa ya chini, mahali pako pa siku zote. Bwana Amirali alisema alishindwa kwenda kumwomba mjane funguo. Nikasema haidhuru.

Marek akashuka chini, mimi nikabaki juu. Tulifanya kama ulivyotufundisha: wa juu anagonga sakafu, wa chini anagonga dari palepale kumjibu, ili tujue tunazungumzia sehemu moja. Wewe kabla ya pigo la kwanza ulikuwa unasema "Hodi," nami chini nasema "Karibu." Marek hasemi. Anagonga tu.

Nikakokota sakafuni ule mnyororo wetu wa kusikilizia zege, kuanzia mlango wa magari. Mwanzo ulilia vizuri, mkali, mpaka meno yanauma. Nilipokaribia ile pembe iliyo juu ya gari lako, sauti ikafifia na kuwa nzito. Nikapiga magoti, nikagonga na nyundo. Ngo, akanijibu wa chini. Nikapiga mstari wa chaki, nikasogea, nikagonga. Ngo. Tukaenda hivyo kitambo. Halafu nikagundua kitu kilichonifanya nisimamishe mkono: nilikuwa sigongi tena. Yeye ndiye alikuwa anatangulia, mimi namfuata na chaki. Ngo, hapa. Ngo, na hapa. Kufika mahali fulani akatulia, akaanza kugonga haraka haraka, bila kupumzika, vile ulivyokuwa ukigonga wewe ulipotaka niache kila kitu nije mbio.

Nikainamia sakafu, nikapaza sauti, "Marek, basi, nimesikia!"

Marek akajibu nyuma yangu. Alikuwa amesimama na betri ya taa mkononi. Alisema taa yake ilizimika zamani, akaenda kwenye gari letu nje kutafuta nyingine, na amekuwa akihangaika huko muda wote. Sijawahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Chini yetu kulikuwa kumeshanyamaza.

Mzee, mimi si mwoga, umenipandisha kwenye roshani za mbali na ardhi na sikutetemeka. Lakini ile njia ya kushuka chini niliteremka nimeshika shati la Marek. Taa zingine zilikuwa zimekufa, maji yanadondoka mahali fulani. Gari lako nikaliona pembeni. Vioo vyake vyote vilikuwa vimeshika ukungu, kwa ndani. Tukasimama. Mkono ukatokea, ukafuta kioo taratibu.

Alikuwa Bi Zuhura. Alikaa kiti cha abiria, amejitanda ushungi mweupe, msahafu mapajani. Kiti chako kilikuwa kitupu, naye alikuwa amekigeukia kidogo, kama anavyokaa mtu akiwa katikati ya mazungumzo.

Nilifungua mlango nikiwa sijui nilie au nifoke. Kabla sijasema lolote, yeye akajitetea. "Sijatoka nyumbani. Lifti iko ndani, pakingi iko ndani. Eda yangu haijavunjika." Yaani alikuwa ameshaipigia hesabu yake! Mjane hatakiwi kuvuka kizingiti cha nyumba bila dharura mpaka eda iishe, na kwake yeye kizingiti kilikuwa mlango mkubwa wa kwenda barabarani. Chini ya ardhi ni nyumbani tu. Tangazo la kuondoa magari lilibandikwa kwenye lifti, lakini aliona haliwahusu walio ndani ya eda.

Nikamuuliza kwa nini amekuwa akigonga dari. Akanishangaa. "Nigonge dari mimi, kwa lipi? Nimekaa na mume wangu."

Akaniambia kwamba unamwita. Kila siku baada ya alasiri, anasema, unapiga honi mara mbili fupi fupi, vile ulivyokuwa ukifanya ukirudi na vitu vya sokoni ili ashuke akusaidie mifuko. Anashuka. Anakaa nawe, anakusomea Yasini, anapanda. Nikamwambia, Bi Zuhura, nyumba yenu iko juu kabisa, kule hata gari la zimamoto likipita barabarani halisikiki. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mwenye matatizo.

Niliinua nyundo nikagonga dari juu ya gari, pigo dogo tu. Vipande vikaanguka kwenye boneti. Sikubembeleza tena, nilimshika mkono nikamtoa. Alinisema kwa Kitanga njia nzima mpaka kwenye lifti, na Marek nyuma amebeba msahafu kwa mikono miwili, ameunyanyua juu asije akaukosea heshima.

Marek alichukua funguo, tukarudi kuliondoa gari. Likakataa. Hata taa ya ndani haikuwaka. Nilinyoosha mkono kupitia mlangoni nikabonyeza honi mwenyewe, nikabonyeza tena. Kimya. Betri ilikuwa imekufa, na kwa ile kutu kwenye vichwa vyake Marek alikadiria imekufa kitambo. Breki nazo zilikuwa zimeng'ang'ania. Nikasema liache, simwingizi mtu tena chini ya dari lile, si kwa gari.

Nikampigia simu mkubwa wetu, naye akakubali papo hapo: pakingi yote ifungwe, juu na chini. Hapo ndipo vita vilipoanza. Bwana Amirali hakunifokea, na ingekuwa afadhali angenifokea. Alinishika bega, akasema, "Mama, ngoja arobaini ya Salum ipite. Siku chache tu. Wazee watashukia wapi na barafu hii? Zege limesimama miaka yote, litaanguka siku hiyo?" Nikamwambia ndiyo siku litakayoanguka, maana ndiyo siku mtakayolibebesha magari ya mji mzima. Bi Zuhura naye, aliposikia, akanitolea neno ambalo bado liko hapa kifuani. "Unamfungia mwalimu wako mlango siku ya arobaini yake."

Haya. Nikafunga. Heri lawama kuliko msiba juu ya msiba. Lifti ikafungwa isishuke chini, milango ya ngazi ikawekewa vizuizi. Lakini vizuizi vya nini kwa mtu aliyeitwa na mumewe? Kesho yake niliomba ruhusa kazini, nikaenda kukaa naye.

Hakunisemesha mchana kutwa. Aliswali alasiri, akabaki juu ya mswala na tasbihi yake. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi, theluji inaanguka nje, redio ya jirani inasikika kwa mbali. Nikamwona anainua kichwa.

"Umesikia?"

Nikasema sijasikia kitu. Na nilikuwa nasema kweli. Akainuka, akavuta ushungi, akaanza kutafuta viatu. Nami nikaweka kisu chini.

Ndipo nikasikia, Mzee.

Mara mbili, fupi fupi. Haikutoka dirishani. Haikutoka barabarani. Ilitoka chini, ikapanda kupitia sakafu mpaka kwenye nyayo zangu. Wewe ndiye uliyenifundisha kutofautisha sauti ya kweli na ile inayotengenezwa na woga, kwa hiyo usiniambie nilijitungia. Nilimweleza Marek baadaye akanyamaza, lakini kwake hilo ndilo jibu la siku zote.

Nilikimbilia mlango nikasimama mbele yake, mgongo kwenye kitasa. Bi Zuhura, ambaye upepo ukivuma tunamshika, alinivuta kwa nguvu ambazo sizijui zilitoka wapi. Hakuwa na hasira. Alikuwa ananiomba, kwa sauti ya mtu anayechelewa. "Nipishe, mwanangu. Mikono yake imejaa." Nilimkumbatia, tukaanguka pamoja juu ya viatu. Akanipiga kifuani. Honi ikalia tena. Nikamziba masikio kwa viganja vyangu, na yangu yakabaki wazi, nikaisikia peke yangu.

Halafu jengo likashtuka. Vyombo vikalia kabatini, picha yenu ya harusi ikaanguka kifudifudi. Sauti yenyewe haikuwa kubwa kama nilivyokuwa nikiiogopa, ilikuwa kama mtu amekaa chini kwa uchovu. Vumbi likatoka kwenye upenyo wa lifti. Tulibaki sakafuni, tumeshikana. Hakuna aliyelia.

Ilianguka ile pembe, palepale nilipopiga chaki. Gari lako limelala kama sahani. Wote wanauliza kwa nini saa ile, hakukuwa na uzito juu, hata baiskeli. Marek alisema zege lilikuwa limechoka. Watu wa manispaa wakaja, wakaamuru kila mtu atoke mpaka nguzo zipigwe tegemeo na zikaguliwe zote. Vijana wa zimamoto wakasimama mlangoni kwa Bi Zuhura na buti zao, yeye amekaa kitandani: hatoki, ana eda. Ilibidi nimpigie sheikh simu nikamwekea sikioni. Sheikh akamwambia kwamba nyumba inayotishia kuanguka ni dharura iliyo wazi, na eda ataimalizia popote penye usalama. Ndipo akavaa.

Arobaini yako tuliisomea hapa kwangu. Hapakutosha. Watu walikaa kwenye ngazi mpaka mlango wa chini, wengine walikuja kwa basi, na mchungaji wangu aliazima viti vya kanisa. Bwana Amirali alibeba sufuria ya pilau mwenyewe kutoka kituoni, akakataa kusaidiwa. Alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akashindwa kuuachia.

Sasa nikuulize.

Nani aliyegonga dari siku ile? Najua mkono wako, Mzee. Nimeusikiliza juu ya kichwa changu na chini ya miguu yangu, ningeutambua hata nikiwa usingizini. Ulinivuta nishuke nimkute. Bila wewe ningekagua juu tu, ningepiga chaki zangu, ningekwenda zangu, naye kesho yake angekuwa ndani ya gari. Kwa hilo nitakushukuru mpaka nami nifukiwe.

Lakini honi pia ilikuwa yako. Na honi ilikuwa inamwita ashuke, saa ileile.

Nimejaribu kulipanga hili jambo likakataa kupangika. Najiambia labda kuna wewe wawili huko, mmoja fundi, mmoja mume. Fundi alijua dari linakuja. Na mume je? Alikuwa hajui, au alijua vizuri ndiyo maana akapiga honi? Sikulaumu. Hamkujaliwa mtoto, mlikuwa wawili tu katika baridi hii, na kule ulikopelekwa nilisikia kwa masikio yangu palivyo wazi. Ningekuwa wewe labda na mimi ningeita.

Jana baada ya alasiri alikuwa ananifundisha kukanda mkate. Katikati ya maneno akainua kichwa. Hapa kwangu hakuna pakingi chini, Mzee, kuna udongo tu. Mimi sikusikia kitu. Nikamuuliza, nini, mama? Akasema, hakuna, mwanangu. Lakini nilipotazama chini alikuwa ameshavaa kiatu kimoja.

Kwa hiyo nakuahidi, na unanijua sivunji ahadi. Nitamtunza Bi Zuhura. Nitakunywa chai ya tangawizi mpaka koo liwashe. Kila jengo watakalonituma nitalisikiliza kwa masikio uliyonipa, na penye kufungwa nitafunga, hata kama ni kwa ndugu yangu. Na siku yake ikifika, siku ya Mungu, nitasimama tena kule nyuma na ushungi wa kuazima, nihakikishe amelazwa karibu nawe, asiwekwe mbali.

Lala salama, mwalimu wangu. Lakini mpaka siku hiyo mwache kwangu. Nakupigia magoti. Usimwite.

Binti yako wa kazi,
Mghoi